Malalamiko juu ya Kijana Aliyeingia Chuoni Bila Kuelekezwa

Gisenyi, Agosti 1956

Bwana Mkurugenzi wa Chuo cha Ualimu,

Nakusalimu kwa heshima inayomstahili mtu aliyemeza vumbi la njia nzima kuja kuwahoji watoto wetu. Mimi ni Faradji, fundi wa nguo hapa sokoni. Kwa kuwa ndimi ninayeshona sare, wazazi walidhani najua pia jinsi mtoto anavyopata nafasi chuoni. Sikutaka kuwavunja moyo, nikawa mwelekezi wao. Sasa umeniharibia kazi, na haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Umemkubali Wellars, mwana wa Nzabonimpa, mvuvi wa Nyamyumba. Familia hiyo niliielekeza mwenyewe. Baba nilimshonea tai, maana mwanachuo hatoki kwa baba mwenye shingo tupu. Alipovua samaki akiwa nayo, wenzake walimcheka. Kisha wakaona haya, na leo mtumbwi mzima hauingii ziwani bila tai. Mkewe, Nyirahabimana, alijifunza kuanza kila sentensi kwa "bon" ya Kifaransa na kuimaliza kwa "donc", hata wanunuzi wakadhani ni aina mpya ya samaki. Bibi yake Wellars alizoea kukaa kitini bila kuegemea. Aliyekataa kuelekezwa ni Wellars peke yake. Nawe ukamchukua huyo huyo!

2. Jibu lake. Ulimwuliza kila mtoto kwa nini anataka ualimu. Jibu sahihi nililitunga mimi: "Ili niangaze nchi kama taa ya karabai." Wote walilisema bila kukosea hata neno, jambo ambalo peke yake lingekutosha. Wellars akasema (nilikuwa dirishani, kwa bahati tu): "Mi sijui bado, Bwana. Wadogo yangu wananiulizaka vitu. Nikiwaelezea, macho yao inafunguka. Mi napenda ile."

Nawe ukatabasamu. Bwana Mkurugenzi, tabasamu lile limeniumiza.

3. Hili lingekuwa la kwanza, kama hasira ingenipa nafasi ya kupanga. Mbonigaba wa Bugeshi nilimwagiza nyumba yake isiseme ila Kifaransa. Wanajua maneno machache. Tangu Pasaka yeye na mkewe hawajagombana, kwa kukosa maneno; lakini pia hakuna awezaye kuomba chumvi. Mama mkwe alipopanda kutoka Mudende akawakuta wanainamiana kimya juu ya viazi, alipiga kelele kwamba wamerogwa, akaenda kulala kwa jirani. Baada ya taabu yote hiyo, mwana wao Habiyaremye umemkataa. Mbonigaba alikuja kibandani kwangu akasimama mbele ya cherehani. "Faradji, we ulituambia njia iko. Iko wapi?" Nilijifanya nimemeza pini.

Kwa hiyo naomba Wellars akataliwe kwanza, kwa upole, aletwe kwangu aelekezwe, kisha akubaliwe upya kwa utaratibu. Hilo likikushinda, wakubali wazazi. Hao ndio waliojiandaa. Nzabonimpa ameshauliza kama atapewa kitanda cha dirishani, na bibi anataka kujua kama tumbako inaruhusiwa darasani. Watoto watabaki kuvua na kulima viazi mpaka wazee wao wahitimu.

Wasalimie walimu wako wote, mpishi wa chuo, na dereva wako, ambaye suruali yake imepasuka nyuma wala hajui.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na uchungu,

Faradji, Fundi na Mwelekezi

Nyongeza: Nikiwa natafuta gundi ya bahasha, mke wangu Saidati ameniambia kwamba binti yetu Mukashyaka amepata nafasi katika shule ya wakunga. Aliomba mwenyewe, akahojiwa mwenyewe. Nimeuliza kwa nini mimi, mwelekezi wa mji mzima, sikuambiwa. Saidati akaangalia pembeni. "Mutoto aliogopa, Baba Mukashyaka. Alisema ukijua, utamusaidia."

Tafadhali usimguse Wellars. Mukashyaka anaondoka Jumatatu. Namshonea gauni la safari, na tangu asubuhi sijamwelekeza hata neno moja.