Rangi ya Milango Juu ya Gemu za Shangazi

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshtuka na hadi sasa sijatulia. Shangazi ametuita, mimi na binamu yangu Sindano, kwenye chumba chake cha gemu. Akatukalisha kwenye benchi la wateja. Akasema magoti yamemchosha, na anataka mmoja wetu aendeshe chumba badala yake. Mmoja wetu! Kana kwamba kuna mashindano! Mimi ndiye niliyekipaka rangi chumba hicho, ndani na nje. Sindano ni fundi cherehani. Dada mwembamba, kimya, na akikutazama unahisi umechomwa. Anajua nini kuhusu gemu?

Shangazi alikuwa nesi kabla ya kustaafu, na chumba cha gemu anakiendesha kama wodi. Kesho anasafiri kwenda kumsaidia bintiye aliyejifungua. Chumba kitafungwa mpaka arudi. Diski zote amezigawa, nusu kwangu, nusu kwa Sindano. Atakayezitunza vizuri ndiye atakayepewa ufunguo. Katika nusu yangu ametia kasha jekundu, ile gemu ya mbio za magari aliyokuwa akicheza na marehemu mumewe kila Jumapili mchana. Diski kama hiyo haitengenezwi tena. Sindano alikohoa. Shangazi akasema anataka kuona nitakavyoitunza. Nilikaribia kulia kwa fahari.

Kisha masharti, kama dawa za kutwa mara tatu. Kila diski ikae ndani ya kasha lake. Makasha yasimame wima kama vitabu. Jua lisiyafikie. Ukishika diski, shika ukingo. Ukifuta, tumia kitambaa laini, anzia katikati uende nje, usizungushe. Nilikubali kabla hajamaliza. Sindano aliuliza maswali. Mtu wa kuuliza maswali huyo hajui kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Shangazi kaondoka. Kazi imeanza.

Chumba changu kina kitanda, meza, makopo ya rangi na mimi. Makasha yote yale yakae wapi? Nimewaza tangu asubuhi. Halafu nikaona jambo ambalo nesi mzima hakuliona. Diski ina tundu katikati. Tundu la nini, kama si la kupitishia kitu?

Nimekata mpini wa ufagio, nikausimamisha ndani ya kopo lenye mchanga, nikazitumbukiza diski moja juu ya nyingine. Mnara! Makasha matupu nimeyatia kwenye gunia. Kasha jekundu tu ndilo lililogoma kufunguka, bawaba zake zimekaza. Sikulilazimisha. Nimelisukumia chini ya ule mguu mfupi wa meza, kwa muda tu. Meza imetulia kwa mara ya kwanza tangu niinunue.

Jioni nilipita dukani kwa Sindano kuchungulia maendeleo yake. Sikuamini macho yangu. Hajafanya chochote! Makasha yamesimama kwenye rafu, juu yake katandika kitambaa, basi. Nilimwuliza mpango wake ni upi. Akasema mpango wake ni kutozigusa. Uvivu mtupu. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Nimeamka, mnara uko chini. Mpini umelala, diski zimetawanyika sakafuni, nyingine zimeteleza hadi chini ya kitanda zikisuguana na saruji. Nilisimama na suruali mguu mmoja ndani, mwingine nje, kwa muda mrefu.

Nimezikagua moja moja. Upande unaong'aa una mikwaruzo midogo, si mbaya. Ubaya uko upande wa picha. Mchezaji mpira kabanduka uso. Simba kabaki mkia. Mtu mwingine angekata tamaa. Lakini mimi ni fundi rangi, na tatizo lenyewe ni la rangi! Rangi iliyobanduka inarudishiwa rangi. Mungu alijua alipozileta diski hizi kwangu zisiende zote kwa mshonaji.

Jumapili, 9 Machi

Kanuni ya kwanza ya kazi yetu: usipake rangi mpya juu ya rangi inayobanduka. Kwanza ukwangue mpaka ufike chini. Fundi anayepaka juu ya maganda ni tapeli.

Basi nimekwangua. Msasa laini, maji kidogo, subira nyingi. Picha zilitoka vizuri, na chini yake kukawa na utando wa fedha, nao ukatoka kwa vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Uchafu wa miaka, nadhani. Nilizisugua zote, hata zile ambazo hazikuwa na kasoro, ili zifanane. Nilipomaliza, diski zilikuwa safi ajabu. Angavu! Niliweka moja mbele ya uso nikamwona mama mwenye nyumba akipita uani. Sijawahi kuona diski safi kiasi hicho. Nilishangaa mwenyewe.

Kisha rangi. Nilikuwa na masazo ya kijani, ile ya mafuta, ya milango, isiyoogopa mvua. Nikapaka tabaka la kwanza, kisha la pili. Nimezianika juani kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Mama mwenye nyumba aliuliza kama ni za kufukuzia ndege. Nikamwambia ni urithi wangu huo, na asianike mashuka karibu.

Jumatatu, 10 Machi

Rangi bado inanata kidogo. Baadhi ya diski zimejikunja kwa jua, si sana, zinakaa kama zimeinua bega. Nimezilalisha chini ya kopo zito.

Nilipita kwa Sindano kumwonea huruma. Nikajitolea kumpakia na zake. Akasimamisha cherehani, akanitazama kwa ule mtazamo wake, akauliza kupaka nini juu ya nini. Nikabadilisha mazungumzo. Siri ya fundi haitolewi bure.

Jumanne, 11 Machi

Leo siwezi kuandika vizuri. Nitaandika hivyo hivyo.

Nilipeleka diski moja kwa yule fundi wa redio na runinga tunayemwita Waya. Nilitaka kuijaribu kwenye mashine yake, na nilitaka pia anisifu. Diski ikaingia. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Waya akabonyeza itoke. Haikutoka. Akaifungua kwa bisibisi. Rangi ya kijani ilikuwa imegandia ndani, kwenye kijicho cha kusomea na kila mahali. Waya alinitazama kama daktari anayetafuta maneno ya kuwapa ndugu.

Akachukua diski nyingine nzima, akaishika mbele ya taa. Hakuna mwanga uliopita. Akanikwangulia ile ya kwangu kidogo kwa ukucha, akaiweka mbele ya taa ile ile. Mwanga ukapita kama dirishani. Halafu akasema maneno ambayo sitayasahau:

"Gemu haikai upande unaong'aa, ndugu yangu. Inakaa kwenye ule utando wa fedha, chini tu ya picha. Wewe umekwangua gemu ukabaki na plastiki."

Nikamwuliza kama kuna dawa. Akasema la kuvunda halina ubani. Nimemwahidi kumpakia mlango wake kwa ajili ya ile mashine. Akasema nisiuguse mlango wake.

Nimerudi nyumbani. Ndipo nikakumbuka diski ya Shangazi. Ile ya magari. Nimezipanga zote kitandani. Zote kijani! Zote sawasawa! Hakuna anayeweza kujua ipi ilikuwa mpira, ipi simba, ipi ni Jumapili za Shangazi na marehemu. Nimekaa sakafuni. Leo nimeogopa kweli, si kwa ajili ya ufunguo.

Jumatano, 12 Machi

Nimelala, nimeamka, nimepata akili. Nusu yangu na nusu ya Sindano ni sawa kwa idadi. Maana yake nini? Maana yake yeyote anaweza kuwa ameziharibu!

Nilikwenda kwake na diski za kijani ndani ya mfuko. Bahati ilinishtua mpaka nikatazama nyuma. Sindano alikuwa anatoka kwenda kumpima mteja nyumbani kwake, akaniomba nimwangalizie duka. Mimi! Alipopinda kona tu nikafungua makasha yake, nikatoa diski nzima, nikatia za kijani; moja ilipungua, nikaliacha kasha la mwisho lilivyo, sikuwa na muda wa kuhesabu. Nikafunika kitambaa kama kilivyokuwa. Nyumbani nimezitia zile nzima kwenye makasha yangu. Picha za nje na diski za ndani hazilingani, lakini gemu ni gemu.

Sindano aliporudi alinishukuru, akanipa chai. Niliinywa. Roho ilinisuta kidogo kwenye kikombe cha kwanza. Cha pili kilipita vizuri.

Alhamisi, 13 Machi

Shangazi amerudi. Niandike haraka kabla sijabadilisha kumbukumbu.

Alianza kwa Sindano, na mimi nikamsindikiza, nimevaa shati safi. Akavuta kasha la kwanza kwenye rafu. Akalifungua. Kijani! Nilipiga kelele kuliko wote. Nikashika kichwa. Nikasema binamu, umefanya nini, binamu! Sindano alisimama na futi ya kupimia shingoni, akitazama mikono yangu niliyoiweka kichwani.

Shangazi akanusa diski. Akanishusha mkono mmoja taratibu, kama anatafuta mapigo ya moyo, akaugeuza kwenye mwanga.

"Kucha zako, mwanangu," akasema, "zimepakwa mlango."

Kucha! Niliwaza kila kitu isipokuwa kucha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakusema ni fupi kiasi hicho.

Tukaenda chumbani kwangu, sisi watatu, Sindano amebeba diski za kijani ndani ya mfuko, akazimwaga mezani. Sindano akazikuta diski zake ndani ya makasha yangu. Nzima, hazina hata alama, kwa sababu sikuwa nimepata nafasi ya kuziboresha. Shangazi akauliza kasha jekundu liko wapi. Nikakiri yote. Mpini, msasa, jua, rangi. Nikasema nimezikwangua zote na yake imo humo humo kwenye kijani, na hata mimi siijui.

Nilitegemea anipigie kelele. Hakunipigia. Alivuta kiti akakaa mezani kwangu, mikono juu ya meza, akalitazama lile rundo la kijani. Akasema marehemu mumewe hakuwahi kumshinda katika ile gemu hata mara moja, na kwamba yeye alichelewa miaka mingi kujua kuwa mumewe alikuwa akishindwa makusudi. Nilitamani ardhi ipasuke. Sindano alitazama pembeni.

Shangazi akatoa leso kufuta macho, leso ikamponyoka. Akainama na magoti yake yale mabovu, akachelewa kuinuka. Nikadhani amezimia. Kumbe alikuwa amepiga magoti anavuta kitu chini ya meza. Meza ikayumba, kopo la rangi likaanguka, na Shangazi akainuka ameshika kasha jekundu.

Nimepata mishtuko mingi wiki hii, lakini ule ulinikalisha kitandani. Nilikuwa nimelisahau kabisa! Kasha limepata ufa kwa uzito wa meza. Sindano akalifungua kwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Ndani diski inang'aa, picha ya gari haina doa. Haikuwahi kuguswa na mtu yeyote, hasa mimi.

Tulikwenda kwenye chumba cha gemu kuijaribu. Muziki ulipoanza Shangazi aliweka mkono kifuani. Aliendesha mzunguko mmoja, akagonga ukuta, akacheka huku machozi yanamtoka. Ufunguo akampa Sindano hapo hapo. Mimi akanipa kopo na brashi.

"Wewe utapaka ukuta," akasema. "Ukuta hauna gemu ndani."

Jumamosi, 15 Machi

Nimetafakari kwa utulivu na nimeona ukweli. Diski ya Shangazi iliokolewa na nini? Na meza yangu. Ni nani aliyeiweka chini ya meza? Hakuna aliyenishukuru. Nimemshauri Sindano tununue meza nyingi zenye miguu mifupi. Amenionyesha ukuta.

Leo napaka ukuta wa chumba cha gemu. Kazi inakwenda vizuri, upande mmoja umekwisha. Diski zote Sindano amezifungia kabatini, ufunguo kaufunga kwenye kanga kiunoni. Sawa, sizitaki. Hatanikuta na diski tena maisha yangu yote. Mtu mwerevu haumwi na nyoka katika shimo moja mara mbili.

Ila ile runinga kubwa. Nimeitazama tangu asubuhi kila ninapochovya brashi. Ina doa katikati ya kioo, na juu ya kioo kuna kama utando, mwepesi, wa kijivu. Nimefuta kwa kitambaa laini, toka katikati kwenda nje, kama Shangazi alivyofundisha. Halitoki. Wateja watasema nini?

Msasa laini ninao mfukoni. Sindano amekwenda kununua sindano za cherehani, atachelewa kidogo.