Mchezo Ulioniondolea Mke

Ufukoni, Mtwara
Machi, 1956

Kwa Bwana Mhariri,

Baada ya salamu na heshima, naomba nafasi katika gazeti lako, nami nitajitahidi nisikasirike.

Mwezi uliopita makarani wa bandarini na walimu wawili walicheza mchezo wa kuigiza katika uwanja wa shule. Ulihusu mume anayefungia samaki wakavu sandukuni, ufunguo kiunoni, na kumpimia mkewe kipande kimoja kila jioni. Tulikaa mbele, mimi na mke wangu Somoe. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Halafu nikaona watu hawamtazami tena mwigizaji, wananitazama mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliyecheza mume ni Saidi, mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo mtani wangu. Kwetu mtani humwiga mtu akishakufa, siku ya msiba: mwendo wake, kikohozi chake, anavyovaa kofia. Mimi ningali hai na ninalipa kodi. Kuigwa nikiwa mzima ni kuzikwa kabla ya siku zangu, na kwa kuwa ni utani, siruhusiwi hata kununa. Ndiyo maana nimekuja kwako.

2. Watu wamebadilika macho. Samaki nimewafungia miaka na miaka, na majirani wakiniita mtu mwangalifu. Samaki ni wale wale, kufuli ni lile lile, lakini leo naitwa bahili. Serikali inakagua nyama kabla haijauzwa. Mbona haikagui michezo?

3. Ugonjwa umeingia hata katika macho yangu mwenyewe. Nikikaa kula naona kama uwanja mzima umenizunguka, unasubiri nimeze. Ugali wa muhogo naufunika kabla sijaumaliza.

4. Somoe ameondoka. Hakugomba. Alisema tu, "Mume wangu, nilidhani wanaume wote ndivyo walivyo. Kumbe watu wanacheka." Akafunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake Mikindani. Nyumba imepoa, Bwana Mhariri, nami namkumbuka kuliko inavyofaa kuandikwa gazetini.

Basi ombi langu ni hili. Dawa ya moto ni moto. Waigizaji waamriwe kutunga mchezo wa pili, mume yule yule awe karimu, uchezwe Mikindani karibu na nyumba ya shemeji yangu. Na kwa kuwa Saidi hauwezi ukarimu, nitacheza mwenyewe. Nimekwisha kuanza mazoezi: najaza mitungi ya maji, nakaanga samaki, naalika majirani, na kichwa nampa mgeni. Somoe akisharudi, michezo yote ipigwe marufuku, maana inaharibu watu.

Nisalimie wapiga chapa wako, wauza gazeti, na mkeo kama bado yupo nyumbani.

Wako mtiifu,
Isihaka Chande

Nyongeza: Tafadhali usiichape barua hii. Kabla sijaipeleka posta, Somoe alifika. Habari za mazoezi zilikuwa zimemfikia. Alisimama mlangoni akanitazama nikimpakulia Saidi. Nikamwomba asubiri, kwa sababu mchezo haujawa tayari. Akavua viatu, akakaa jamvini, akaninyooshea sahani.

"Uwe huu huu," akasema, "ila usiwe na mwisho."