Malalamiko Juu ya Plagi Isiyochomoka

Kengeja, Pemba
Alhamisi

Ndugu Meneja,
Kampuni ya Kimwondo Mtandao,
Chake Chake.

KUH: OMBI LA KURUDISHIWA PLAGI MBOVU

Assalaam alaykum. Mimi ni mteja wako Humoud, mwalimu mstaafu wa hesabu. Nimeandika barua nyingi za malalamiko maishani mwangu, lakini sijapata kulalamikia kitu kilichotengenezwa vizuri. Hii ndiyo ya mwanzo, kwa hiyo unistahamilie.

Jumatatu mlimtuma fundi wenu, Bi Asma, aje atazame kwa nini mtandao wangu unakatika. Sikumwita mimi. Aliyemwita ni mke wangu, Badriya, nikiwa shamba. Bi Asma akainama chini ya meza, akautazama waya unaotoka kwenye kisanduku cha faiba kwenda kwenye ruta, akakikata kichwa chake kibovu na kutia plagi mpya, ya plastiki inayoonyesha ndani, yenye nyaya nane za rangi na kilimi cha kukamatia. Akaichomeka. Ikalia tak! Tangu hapo mtandao haujakatika hata mara moja, na mimi sina raha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Picha imekuwa safi kupita kiasi. Kaka yangu Jabir, anayeishi Maskati, zamani alikuwa akiona kofia yangu na ukungu tu. Jumatatu hiyo hiyo Badriya alimpigia kujaribu, na salamu hazijafika nusu, kaka akauliza iko wapi saa ya ukutani aliyotuletea. Saa hiyo niliitoa sadaka madrasa miaka sita nyuma. Nikasema iko kwa fundi. Mtu mzima wa miaka sitini na minane, nasema uongo kwa ajili ya plagi yenu.

2. Mmetuondolea adabu. Wewe ni mtu wa hapa, Ndugu Meneja, unajua kwamba mkubwa wako haambiwi hapana usoni. Sasa tangu mtandao mbovu uingie Kengeja, hakuna mkubwa aliyeambiwa hapana. Aliambiwa mtandao umekata. Akaridhika, nawe ukaridhika, mkaombeana dua. Leo nimwambie nini? Kwamba mtandao umekata, na yeye ananiona ninavyokonyeza macho?

3. Plagi haichomoki. Ile ya zamani kilimi chake kilivunjika siku nyingi, ikashikiliwa na kijiti cha kiberiti. Katika nyaya zake nane, zilizokuwa zikigusa ni nne, siku ya mvua mbili. Ilikuwa plagi sikivu mno. Naigusa kwa kidole gumba cha mguu, chini ya meza, uso wangu ukibaki na heshima zake zote, na Maskati inatoweka. Hii yenu inataka kilimi kibanywe kwa mkono ndipo itoke. Juzi nilifanya mazoezi wakati Badriya anazungumza na shemeji yake. Nikainama, kiuno kikakataa kurudi, kofia ikaanguka, nikapotea kwenye picha. Kaka akapiga kelele kwamba nimezimia. Nilipopata nguvu za kuinuka, Maskati nzima ilikuwa imekwisha kuanza Yasini. Na nikaisikia yote, herufi kwa herufi, kwa jinsi mtandao ulivyo mzuri.

4. Hapa ndipo penye kidonda. Miaka mitatu nyuma kaka yangu alimposea mwanawe Sameer binti yangu Hind. Kaka Jabir ndiye aliyenilea baba yetu alipofariki. Viatu vyangu vya kwanza vya skuli ni yeye aliyeninunulia. Siwezi kumwambia hapana. Lakini Hind hamtaki Sameer. Anamtaka Yussuf, mwalimu mwenziwe wa skuli ya Ole, kijana mpole mwenye mwandiko mzuri. Wazee wa Yussuf wako tayari tangu mwaka juzi, ila haifai kuposa juu ya posa ya mwenzio. Kwa hiyo wanangoja. Na Hind anangoja, na kila akitia chai hanitazami.

Nami nimefanya nililoweza. Kila Ijumaa baada ya sala tunazungumza ndugu wawili peke yetu. Salamu zinachukua dakika arubaini, watu, mifugo, karafuu, maradhi. Kisha kaka anakohoa na kusema, ama lile jambo letu, Humoud. Hapo kidole changu kinafanya kazi. Nimehesabu: mara mia moja na arubaini na tatu, nikitoa Ijumaa alizokuwa Umra. Sikumkatalia kaka, sikumwoza Hind. Niambie kampuni gani nyingine imewahi kutoa huduma kama hiyo.

5. Kesho ni Ijumaa. Kesho, kwa sababu ya kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa tunda la kungu, kaka yangu atamaliza sentensi yake. Itanibidi nijibu. Ama nimpoteze kaka, ama Hind ampoteze Yussuf. Na usidhani ni nyumba yangu peke yake. Mkitia plagi hizi kisiwa kizima, watu watasikizana mpaka mwisho wa maneno. Kadhi atahitaji mahkama ya ghorofa. Arusi zitavunjika, mashamba yatagawiwa upya, na wakwe watajua wanavyosemwa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, Bi Asma arudi kabla ya sala ya kesho na ile plagi yangu mbovu, ambayo aliitia mkobani bila ya idhini yangu. Pili, ikiwa imetupwa, avunje kilimi cha hii mpya. Kijiti cha kiberiti nitatoa mwenyewe. Tatu, kampuni ifikirie kutengeneza plagi maalumu isiyokuwa na kilimi, kwa nyumba zenye kaka wakubwa nje ya nchi.

Nisalimie nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo, dereva wenu, mlinzi wa getini, na yule anayepokea simu za wateja kwa subira. Bi Asma pia msalimie, ingawa amenimaliza.

Ni mimi, mteja wako ninayepatikana saa zote, kwa bahati mbaya,
Humoud, Kengeja.

Baada ya saini, Ijumaa alasiri: Barua ilichelewa kuondoka na Bi Asma hakuja. Kaka alipiga, akakohoa, akamaliza sentensi yake. Kumbe Sameer alioa huko huko, mjini Suhar, mwaka juzi. Miaka yote hii kaka alikuwa akitaka kuiondoa posa na kuniomba radhi, kwa kinywa chake mwenyewe, na amekataza mtu mwingine yeyote kuniambia. Kila mtandao ukikatika alikuwa akishukuru, kwa ile aibu aliyokuwa nayo. Akamwinua mjukuu wake nimuone. Ana meno manane.

Hind alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka, akamwamkia baba yake mkubwa, kisha akaniuliza, mbele yake, imekuwaje mtandao ukatike mara zote hizo pale pale. Nilingoja ukatike. Haukukatika. Nikawaambia ukweli. Kaka alicheka mpaka akalia. Hind hakucheka, miaka iliyopotea ilikuwa yake. Alinitaka jambo moja tu, niwapigie wazee wa Yussuf huko Ole hapo hapo, kwa video, na nisiinuke kitini mpaka nimalize.

Nimewapigia. Wanakuja Jumapili. Plagi msiiguse.