Shada la Asumini kwa Hesabu ya Mababu

Jumamosi, 26 Agosti. Asubuhi joto, mvua imekataa tena. Onam, sikukuu yetu ya mavuno, ni Jumanne. Kamati imenipa mzingo wa zulia la maua mbele ya maktaba: shada moja la asumini, lisilo na kiungo, lizunguke duara zima. Wifi yangu Vilasini, mwenye kazi hiyo miaka yote, akaniambia nipime kwa kamba kama watu wazima. Nikamjibu mbele ya wote kwamba wazee wetu hapa Kerala, kusini mwa India, walipima duara kwa hesabu tupu, kabla Wazungu hawajaifikia. Nikikosea, kazi inarudi kwake milele. Hakuna aliyenilazimisha kusema milele.

Jumapili, 27 Agosti. Mawingu ya uongo. Upana wa duara, futi kumi. Zidisha kwa nne. Toa theluthi ya jibu, ongeza sehemu yake ya tano, toa ya saba, na kuendelea. Nikakomea ya saba: futi ishirini na tisa, kasoro kidogo. Mume wangu Sukumaran akauliza hesabu hiyo huishia wapi. Nikasema haina mwisho. Akauliza mbona mimi nimeishia hapo. Nikamwambia chai yake inapoa. Nikampigia Kunjappan muuza maua, nikaagiza shada la urefu huo.

Jumatatu, 28 Agosti. Jua kali. Usingizi ulikuwa mbaya, nikaongeza sehemu ya tisa. Futi thelathini na tatu. Nikatoa ya kumi na moja. Ishirini na tisa na ushei. Nikampigia tena Kunjappan aliongeze. Akasema dada, asumini imeshafungwa, asumini si mpira. Vilasini alikuja kuomba chumvi. Akaliangalia shada ndani ya ndoo, akaondoka bila chumvi.

Jumanne, 29 Agosti. Manyunyu, hatimaye. Tukalizungusha shada. Pengo la futi mbili na nusu. Vilasini akauliza kwa upole: wifi, mababu wamepitia hapo kwenda wapi? Mwalimu Narayani, mwamuzi wa mazulia ya maua, akanieleza kuwa wazee hawakukoma hivi hivi. Popote walipokomea waliongeza sahihisho, na ndiyo akili yenyewe. Nikaitikia. Vilasini akachukua kamba yake.

Mwakani nimehamishiwa payasam, uji mtamu wa maziwa. Sufuria lake ni la mviringo. Vikombe vya kupimia ni vya nini? Nimeshaianza hesabu, nimekomea sehemu ya tano, inatosha. Saa sita na robo usiku, nakwenda kulala.