Ombi la Kumhamisha Binti Yangu Kozi ya Filamu Kabla Sijaisha

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umeketi, na hakuna anayekurekodi.

Mimi ni fundi bomba, na ni baba wa mwanafunzi wako wa mwaka wa pili, kozi ya picha na filamu. Naomba kwa heshima zote ahamishiwe ufamasia kabla ya mwezi kuisha. Fomu yake ya mwaka wa tatu iko mezani kwangu, na bila saini yangu haendi kokote. Sababu ni hizi:

1. Kwangu siku hizi hakuingiwi mara moja. Nikirudi kazini nabisha hodi, binti anafungua, ananitazama, kisha ananiambia baba rudi nje, uingie tena, safari hii uchoke zaidi. Mtu mzima natoka. Nachoka zaidi. Naingia.

2. Shuka letu jeupe limehamia sebuleni, ati linarudisha mwanga usoni. Mke wangu hamenyi kitunguu mpaka aelekezwe jicho lipi litoe chozi kwanza. Nilidhani mwenzangu atanisaidia kukemea. Wapi! Juzi nimemkuta anafanya mazoezi ya chozi.

3. Nilimuuliza kozi hii itampeleka wapi. Alinitajia kazi mpaka nikavuta kiti: mpiga picha, mhariri wa video, mchora vikatuni, mbunifu wa matangazo, mshika taa. Hizo nikazimeza. Lakini kumbe ipo kazi ya mtu anayelipwa kuhakikisha kikombe kilichokuwa na chai nusu mwanzo wa filamu kinabaki nusu hadi mwisho. Mkuu, nimefunga mabomba miaka ishirini na sita, na huitwa kwa sababu maji hayakubaki yalipokuwa. Hiyo ya kikombe ndiyo anayoitaka.

4. Na hiyo ndiyo iliyoniponza. Alianza kunirekodi asubuhi moja nanyoa ndevu, upande wa kulia tayari, wa kushoto bado. Betri ikaisha. Tangu hapo ni marufuku kumaliza, maana picha za leo lazima zifanane na za jana. Kulia nanyoa kila siku. Kushoto ananipunguza yeye kwa mkasi, rula mkononi. Hii ni siku ya tisa. Mteja mmoja, mama mstaarabu kabisa, alinifungulia mlango, akaufunga, akaufungua tena ahakikishe.

5. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tulikuwa hatusemeshani miaka miwili kwa ajili ya ngazi yangu aliyoazima asiirudishe. Wiki iliyopita alikuja tukapatana, tukakumbatiana. Pikipiki ikapita nje, sauti ikaharibika. Binti akaomba turudie, tuanzie tulipokuwa tumenuniana. Mara ya pili nikachomekea ukweli kidogo. Mara ya tatu naye akatoa wake. Mara ya nne alichukua kofia yake akaondoka, na binti akasema hiyo ndiyo nzuri kuliko zote.

Mkuu, mfamasia akikupa kidonge unameza mara moja, hakuna kurudia. Hiyo ndiyo elimu ninayoitaka nyumbani mwangu.

Nisalimie walimu wote, makarani, mlinzi wa getini, hata huyo anayewafundisha mambo ya mwanga, aliyenihamishia shuka, ingawa bado sijamsamehe.

Ni mimi ninayengoja majibu yako kwa adabu, na kwa ndevu upande mmoja,

Fundi Bomba

Nyongeza: Barua hii niliimaliza saa nane mchana. Saa kumi binti alifunga mapazia akatuonyesha ukutani vipande alivyokwisha kurekodi. Sijui kama unajua, Mkuu, lakini fundi bomba wateja humjua kwa miguu. Kwingine kote kuko chini ya sinki. Huyu mtoto aliingia na kamera humo humo chini. Nilimfukuza mara mbili, hakutoka. Sasa nimejiona. Kumbe nikifanya kazi huwa natabasamu. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona. Nimelia mbele ya familia yangu, wala sioni haya kukuambia. Fomu ya mwaka wa tatu imo ndani ya bahasha hii, nimeshaisaini. Naomba uipokee hiyo kwanza. Barua utaisoma ukipata nafasi.