Hotuba ya Kuzindua Vita vya Viroboto, Kijiji cha Nyamtope

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule aliyetarajiwa kupata udhuru. Mwenyekiti wa Kijiji na safu yako yote. Mabalozi wa nyumba kumi kumi. Shehe wetu na walimu wa madrasa. Wazee maarufu, na wazee wa kawaida. Kina mama mnaonyonyesha, na mnaotarajia. Wafanyabiashara wa ufuta mliofunga vibanda, na ninyi wa Ikwiriri mliokuwa mnapita tu mkaona watu mkasimama: asalaam aleikum. (Waleikum salaam.) Sijasikia. (Waleikum salaam, kwa uchovu. Watu wamekaa tangu saa mbili, na sasa ni saa sita.)

Kwa wasionijua, mimi ni Mudathiri Kondo, Koordineta Mkuu wa Programu Shirikishi ya Udhibiti Endelevu wa Viroboto Ngazi ya Kaya, kwa kifupi PROSHUVIKA, mtu niliyehudhuria semina kumi na moja za wadudu waumao, mbili kati yake nikiwa mwenyekiti wa kikundi cha majadiliano, na vyeti vyote ninavyo kwenye mkoba huu. (Makofi ya mtu mmoja. Ni Ridhiwani, karani wake.)

Ndugu wananchi, huu ni mwaka wa tisini na tatu, zama za soko huria, ambapo mtu yeyote mwenye kibali anaruhusiwa kuingiza nchini redio, mitumba na sabuni ya rangi aitakayo. Lakini kiroboto, kwa kukosa elimu ya uraia, ameuelewa vibaya uhuru huo, akawa anaingia nyumbani kwa mtu bila leseni, anakula asichokilima, tena habagui wa chama hiki wala wa chama kile. (Vicheko.) Msicheke. Hili ni suala la kisera.

Ili kumdhibiti adui sharti umwelewe kisayansi. Kiroboto jike hutaga mayai, mayai hayang'ang'anii kwenye manyoya ya mbuzi wala paka, yanadondoka chini, yanaingia kwenye nyufa za sakafu zetu za udongo, na humo hutoka vijifunza vyeupe ambavyo hula uchafu, vikishiba vinajifungia ndani ya kifuko na kutulia, wiki, miezi, bila chakula, bila posho, vikisubiri jambo moja tu, nalo ni mtikisiko wa nyayo na joto la binadamu, na hapo, mabibi na mabwana, vyote hutoka kwa mpigo kama watu wa... samahani. (Mheshimiwa anainama, anajikuna kifundo cha mguu. Ofisi ya kijiji ilifungwa tangu mwezi wa kwanza, na yeye ndiye wa kwanza kukanyaga baraza yake.)

Kwa msingi huo PROSHUVIKA ilifanya utafiti wa beslaini, yaani wa hali ya mwanzo, mwezi Machi, ambapo karani wangu Ridhiwani alitembelea kaya mia mbili na kumi na mbili za Nyamtope kwa siku moja, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya takwimu, na akabaini kuwa kiwango cha viroboto kilikuwa asilimia sifuri nukta sifuri. (Watu wanatazamana.)

Naona mama yangu pale mbele ananyoosha mkono. Sema, mama, lakini kwa ufupi, maana itifaki haikukupangia. (Ni Bibi Biasha, ambaye mwanawe Mtoro ni balozi wa nyumba kumi. Anasema mwezi Machi kijiji kizima kilikuwa bondeni, kila familia juu ya dungu lake la kulindia shamba, wanawinga ndege na ngedere wasimalize mpunga. Nyumba zilikuwa na makufuli, na huyo kijana alihesabia mlangoni. Anasema waliporudi na mavuno, hatua ya kwanza ndani, miguu ikawa myeusi hadi magotini. Ridhiwani anaangalia viatu vyake.)

Nashukuru kwa mchango huo, na Ridhiwani atauandika kama changamoto ya kimazingira. Lakini nani alichukua hatua? Ni mimi! Niliposikia mmerudi, siku hiyohiyo niliandika Waraka Namba Moja, uliobandikwa kwenye milango yenu yote, na kwa wasiokumbuka nitausoma: kaya yoyote isifagie nyufa, isitoe kitanda wala mkeka juani, isikandike sakafu upya, isihamishe mbuzi wanaolala ukumbini, hadi hapo programu itakapozinduliwa rasmi, ili adui akutwe katika hali yake ya asili. Nawapongeza kwa utii wenu. Hakuna kijiji kilichotii kama Nyamtope. (Sauti kutoka nyuma: "Tumetafunwa kwa utii." Vicheko vya uchungu.)

Na sasa nije kwenye mikakati. Katika awamu ya kwanza tutaleta unga wa kisasa usiodhuru binadamu, tani nne. Katika awamu ya pili, pampu arobaini za mgongoni. Katika awamu ya tatu, ziara ya mafunzo ambayo nitaiongoza binafsi katika nchi isiyo na viroboto, ili tukajionee... samahani tena. (Anajikuna magoti yote mawili kwa karatasi za hotuba.) Ili tukajionee hali ikoje.

Ndiyo, dada? Wewe uliyejifunika khanga? (Anasimama Mwantumu, mkewe Mtoro, mkwe wa Bibi Biasha. Ana kichanga mkononi. Watu wanashangaa kumwona nje kabla ya arobaini. Anaifunua khanga kidogo. Mgongo wa mtoto umejaa vipele vyekundu, na vingine vimeshatunga usaha. Anaeleza kuwa alitaka kumpeleka mtoto kule dunguni, mumewe akakataa, akisema balozi hawezi kuvunja waraka aliougawa mwenyewe, na kwamba unga unakuja leo.)

("Mtoto wangu ana siku kumi na mbili," anasema Mwantumu. "Mimi sijaja kusikia awamu. Nataka kujua leo analala wapi.")

Swali zuri sana. Swali la kitaalamu. Dada, suala la leo ni la utekelezaji, na utekelezaji hutanguliwa na upembuzi, na upembuzi... (Mtoro anasimama. Anatoa mfukoni ule waraka wa mlangoni kwake, anaukunja mara nne, anamkabidhi mama yake. Bibi Biasha anatangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba nyufa zifagiliwe na taka zichomwe moto, mikeka na magodoro yakae juani, nguo zilowekwe maji ya moto, mbuzi watoke, sakafu zikandikwe, na baada ya wiki mbili kazi yote irudiwe, kwa sababu waliomo vifukoni watakuwa wametoka. Kina mama wanainuka.)

Jamani, kaeni. Bado kaulimbiu. Kiroboto! (Watu wanazidi kuondoka.) Nikisema kiroboto, mnasema atoke. Kiroboto! ("Atoke," anajibu Ridhiwani.) Nyamtope bila viroboto! Inawezekana!

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mwenyekiti kwa kiti. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao mwezi Aprili walitujibu kwa barua nzuri kwamba hawawezi kufadhili programu ya viroboto mahali penye viroboto sifuri, na ambao tunategemea kuwaandikia upya tukishawahesabu viroboto wenyewe. Nawashukuru ninyi kwa kuwatunza wadudu hawa wiki tano nzima, kwani bila wao ombi letu lisingekuwa na ushahidi. Nakushukuru wewe dada kwa mgongo wa mtoto, Ridhiwani ameshaupiga picha, nao utakaa ukurasa wa kwanza. (Baraza limebaki na watu wanne. Moshi wa taka unaanza kupanda nyuma ya nyumba, na mafagio yanasikika kila upande.) Lakini ndugu zangu, jamani, mama Biasha, nawaomba kwa heshima zote, wekeni hayo mafagio chini! Mkiwamaliza leo, mradi tutauombea nini?