Ruhusa ya Harusi kwa Kifo cha Mke Wangu

Nyahanga, Kahama
Agosti 1999

Bwana Mtunza Kompyuta wa Kampuni,

Mke wangu Mageni amekufa. Kafa Jumamosi, homa. Jumapili tukamzika kwao Maganzo.

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, habari za kazi. Mimi ni Maduhu, napakia mawe hapa mgodini. Shule niliishia la tatu, kwa hiyo nitasema kama ninavyosema. Nataka kitu kimoja tu. Kwenye faili langu mmeandika ruhusa ya harusi. Futeni, andikeni msiba. Malalamiko yangu haya hapa.

1. Zamani mtu akifiwa anamwambia nyapara, nyapara anasema pole, mtu anakwenda. Sasa nyapara wetu Athanas anasema amri imetoka kwenu, ruhusa inaombwa kwenye intaneti. Mgodini intaneti hatuna. Ipo Kahama mjini, dukani kwa Mama Lataben anayeuza vitenge. Jumatatu nikaenda na vumbi langu, nikaambiwa nisiguse majora.

2. Sanket, mtoto wa Mama Lataben, akanifungulia ukurasa wa kampuni. Unakuja polepole kama ng'ombe aliyeshiba maji lamboni. Pameandikwa Ruhusa, akabonyeza. Pakaja maneno: subiri, unapelekwa kwenye fomu. Nikasubiri. Nikapelekwa. Ikafunguka kadi ya harusi ya Sneha, dada yake Sanket. Maua mekundu kila kona.

3. Nikamwambia rudi, umepotea njia. Akarudi, akabonyeza. Kadi. Akarudi tena. Kadi. Mama Lataben akaja kuangalia, akasema shughuli ya mwanawe ina wageni wa kutosha, huyu mzee kamwalika nani? Nikamwambia kampuni. Ndipo Sanket akanieleza. "Mzee, huyo bwana wa kompyuta wa kampuni kaiacha fomu kwenye mashine yake mwenyewe. Ukurasa unatuambia tu tufungue faili linaloitwa Mpya. Sasa Mpya ya humu ndani ni kadi ya dada."

Nikaelewa. Wewe kwako ukibonyeza unaiona fomu, unasema kazi imekwisha, unakwenda kunywa chai. Ni sawa na kumwambia mgeni uji upo kwenye chungu nyuma ya mlango. Kila nyumba ina chungu nyuma ya mlango, bwana. Kwako kina uji. Kwangu kina majivu ya kusugulia sufuria.

4. Sanket akaichapa ile kadi ili Athanas aone mwenyewe ubovu. Hapo ndipo tulipoharibu. Athanas kazoea amri. Jumanne akaishika karatasi, akauliza imetoka kwenye kompyuta? Nikasema ndiyo. Kwa ukurasa wa kampuni? Ndiyo. Akagonga muhuri, akaandika harusi. Nikamwambia Athanas, mke kafa. Akasema, "Najua, Maduhu. Juzi tulikuwa wote kaburini. Lakini karatasi inasema harusi."

5. Nimefika Maganzo, habari imenitangulia. Wenzangu wamekaa chini kwa huzuni, mimi nina ruhusa ya kusherehekea. Makoye, kaka yake marehemu, akaniuliza mbele ya watu wote, "Shemeji, bibi harusi umemwacha kituo cha basi?" Wanawake wakaacha kulia, wakacheka. Mama mkwe naye akacheka, akajifunika kanga. Halafu akalia kuliko mwanzo. Mimi sikujua niangalie wapi. Aibu hiyo ni yenu, siyo yangu.

6. Sneha mwenyewe hajaolewa bado. Kwa hiyo mmenipa ruhusa ya harusi ambayo haijafika, kwa watu nisiowajua, kwa sababu ya mke niliyekwisha mzika. Hebu soma tena hapo, polepole.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Fomu iwekwe kwenye intaneti yenyewe, mtu aione popote alipo. Kama hamwezi, ipakie hiyo mashine yako kwenye lori, uipitishe nyumba kwa nyumba kila penye maiti. Kama na hilo gumu, tangazeni kwamba mfanyakazi anayetaka kufiwa aje afiwe chumbani kwako, maana ndiko fomu iliko. Mageni hakujua utaratibu. Kafia kwao.

Nisalimie wote hapo ofisini, wanaofanya kazi na wanaokunywa chai. Msalimie na mkeo. Mungu akutunzie.

Mimi,
Maduhu, mpakia mawe

N.B. Barua sijaifunga, kapita karani Valerian, kanieleza. Ruhusa ya msiba kwenu ni siku mbili. Ya harusi ni wiki nzima. Kumbe ndiyo maana nimekaa matanga mpaka mwisho, shemeji zangu wameninyoa nywele, sikumwacha Mageni katikati kama mtu aliyefiwa na kuku. Mkisahihisha faili liwe la msiba, hizo siku zingine nitakuwa nimetoroka kazi. Basi acheni iwe harusi. Na ule ukurasa usiuguse. Donatus, tunayepakia naye mawe, kafiwa na mama yake leo asubuhi, na kwao ni mbali. Nimekwisha mpeleka kwa Mama Lataben, kabonyeza palepale, kadi imetoka vizuri. Kesho narudi kazini.